Sura ya Sita: Chuma Kilichosingiziwa

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, makampuni mawili ya visu ya mjini Sheffield, Uingereza, yalipelekewa chuma cha pua cha aina mpya. Yakaombwa yakitengenezee visu na kutoa maoni. Maoni yakaja, na hayakuwa na huruma. Chuma hiki kinakataa nyundo. Kinawasumbua wasagaji. Kisu chake hakishiki makali. Kwa kifupi, hakifai. Habari zikaenea mjini, na aliyekileta akapachikwa jina la mtu aliyevumbua visu visivyokata.

Mtu huyo ni Harry Brearley. Chuma alichokileta, kikiwa kimebadilishwa kidogo tu, ndicho leo kimejaa katika droo za jikoni duniani kote. Mafundi waliokikataa walikuwa miongoni mwa watu waliojua visu kuliko wengine wote wa zama zao. Inakuwaje mabingwa wa kazi wakikamate mikononi chuma kitakachotawala karne nzima, kisha wakitupe?

Swali hilo halijazeeka. Kampuni ikitangaza leo kwamba inakaribia kutoa kisu kipya, wapenzi wa visu huanza kubishana kabla hata kisu hakijafika dukani. Chuma chake ni kipi? Kitashika makali? Kitashika kutu? Kampuni imetafuta unafuu? Mashaka hayo ni ya haki, kwa sababu mnunuzi hawezi kuona ubora wa chuma kwa macho. Lakini mara nyingi hoja huelekezwa kwenye jina la chuma, na jina ni nusu ndogo ya habari. Nusu kubwa iko motoni, na kisa cha Sheffield kinaonyesha hilo vizuri kuliko kisa kingine ninachokijua.

Mji uliojua chuma

Sheffield haikuwa mji wa kubahatisha. Katika miaka ya 1740, Benjamin Huntsman, aliyekuwa mtengeneza saa, alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mgumu, kikatoka kisafi na cha namna moja kutoka upande hadi upande. Kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu iliyofuata, mji ule uliuza visu, mikasi, nyembe na tupa kila pembe ya dunia.

Kazi iligawanywa. Mfuaji alilifua bapa, msagaji alilisaga hadi likapata makali, na fundi mwingine akalitia mpini. Kila mmoja aliingia kazini akiwa kijana na kujifunza kwa kumtazama aliyemtangulia. Elimu yao ilikaa machoni na mikononi. Chuma kilipotoka motoni, fundi alisoma rangi yake. Kikifika wekundu wa tunda la zambarau changa, karibu nyuzi 750 hadi 800 za Selsiasi, alijua kwamba wakati wa kukizamisha umefika. Hakuhitaji kipimo kingine, na kwa chuma alichokizoea, hakukosea.

Chuma hicho kilikuwa mchanganyiko rahisi wa chuma na kaboni. Kilinoleka vizuri, kikawa kikali ajabu, kikadumu. Kilikuwa na aibu moja: kilishika madoa na kutu. Ukikata limau nacho, bapa linageuka jeusi na limau linapata ladha ya chuma. Siki, samaki na matunda yote yalikuwa maadui zake. Katika nyumba za wenye uwezo, watumishi walisugua visu kwa unga wa kung'arishia juu ya ubao maalumu baada ya kila mlo, na mezani viliwekwa visu vya fedha kwa ajili ya samaki na matunda. Nyumba za maskini hazikuwa na mtumishi wala kisu cha fedha, hivyo mama wa nyumba alisugua mwenyewe.

Kwa hiyo haja ya kisu kisichoshika madoa ilikuwepo, na ilikuwa ya siku nyingi. Tangu mwaka 1821, mwanasayansi Mfaransa Pierre Berthier alikuwa ameona kwamba chuma kilichochanganywa na kromiamu kinastahimili asidi, na akadokeza kwamba kingeweza kufaa kwa visu. Lakini mchanganyiko wa siku zile ulikuwa na kaboni nyingi mno, chuma kikawa kinavunjika upesi, na wazo likalala kwa zaidi ya miaka 90.

Mtoto wa chini ya tanuri

Brearley alizaliwa Sheffield mwaka 1871, mtoto wa myeyusha chuma aliyekuwa maskini. Akiwa na umri wa miaka 12 aliingia kazini katika kampuni ya Thomas Firth & Sons, alikofanya kazi baba yake, awe kijana wa kutumwa katika vyumba vya chini ya matanuri. Baadaye akahamishiwa maabara ya kampuni kuosha chupa. Huko ndiko alikojifunza kemia, mchana kwa kutazama, usiku kwa kusoma.

Kabla hajajulikana, alipitia kituo kimoja ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipelekwa Riga, wakati huo ikiwa chini ya dola ya Urusi, kwenye kiwanda cha kampuni yake, na kazi yake huko ilihusu hasa ukazaji wa chuma kwa moto. Alikuta kazi inategemea jicho la fundi, na jicho hudanganywa na mwanga wa mchana, giza la jioni na uchovu. Akatengeneza vipande vidogo vya chumvi zilizochanganywa kwa vipimo, kila aina ikiyeyuka katika joto lake maalumu. Ukiweka kipande kando ya chuma ndani ya tanuri, kikiyeyuka, unajua umefika. Mwaka 1911 alichapisha kitabu kizima kuhusu ukazaji wa chuma cha vifaa vya kazi. Mtu aliyekuja kuzozana na mafundi wa visu alikuwa mwanafunzi wa moto kabla ya kuwa mvumbuzi wa chuma.

Mwaka 1908 alikabidhiwa maabara ya utafiti iliyoendeshwa kwa pamoja na Firth na jirani yao, John Brown. Mwaka 1912 yakamfikia matatizo ya mitutu ya bunduki: gesi ya moto ya baruti ilikuwa inaila mitutu kwa ndani, ikapanuka na kupoteza shabaha. Alitaka chuma kinachohimili joto zaidi, akageukia kromiamu. Tarehe 13 Agosti 1913, katika tanuri la umeme, walimwaga chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24.

Ili kukichunguza chuma, wataalamu hukikata, hukisugua hadi king'are, kisha hukipaka asidi nyepesi ili maumbile yake ya ndani yaonekane chini ya hadubini. Njia hiyo ilianzishwa palepale Sheffield na Henry Clifton Sorby katika miaka ya 1860. Safari hii asidi haikukila chuma kama ilivyozoeleka. Brearley akajaribu siki, akajaribu maji ya limau. Chuma kikabaki kinang'aa. Mkuu wa maabara ya silaha angeweza kuishia hapo na kuandika kwamba sampuli imekataa kuchunguzwa. Brearley, mtoto wa mji wa visu, aliona kisu cha mezani.

Visu visivyokata

Waajiri wake hawakuona alichokiona. Walikuwa na soko la silaha mbele yao, na kisu cha mezani kilikuwa jambo dogo. Alisisitiza hadi chuma kikapelekwa kwa watengeneza visu, na majibu yakawa yale niliyoyaeleza mwanzoni.

Tuwatendee haki mafundi wale. Hawakusema uongo. Visu walivyotengeneza havikukata. Tatizo lilianzia kwenye rangi ya moto. Chuma chenye kromiamu nyingi hakifuati desturi ya chuma cha kawaida. Ukikitoa tanurini katika wekundu uleule wa zambarau changa na kukizamisha, hakifanyi lolote la maana, kinabaki laini. Kinataka joto la nyuzi 950 hadi 1,050, rangi inayoelekea kwenye chungwa. Kwa fundi aliyelelewa Sheffield, kufikia rangi hiyo ilikuwa dalili ya kuunguza kazi. Mwanafunzi aliyefikisha chuma cha kaboni hapo alikuwa ameliharibu bapa, kwa kuwa chembe zake hukua na kisu huvunjika kama kigae. Walimkinga mteja wao na kosa walilolijua, na kwa kufanya hivyo wakatenda kosa wasilolijua.

Kulikuwa na tatizo la pili. Chuma cha kaboni kinahitaji kuzamishwa majini au mafutani ili kiwe kigumu. Kikiachwa kipoe chenyewe hewani, kinabaki laini, na fundi anaweza kukitoboa, kukipiga muhuri na kukipiga tupa. Chuma cha Brearley hukakamaa hata kikipoa hewani. Fundi alikifua, akakiweka kando kipoe, akarudi kukitoboa, na kifaa cha kutobolea kikavunjika. Chuma kilekile kilichoonekana laini mno kwenye makali kilionekana kigumu mno karakana nzima. Ni rahisi kuelewa kwa nini waliona kina kiburi.

Kiangazi cha mwaka 1914, Brearley alikutana na Ernest Stuart, meneja katika kampuni ya visu ya R. F. Mosley, kwenye karakana za Portland Works. Stuart alikuwa na shaka, lakini alikubali kujaribu. Visu vya mwanzo vilipinga siki na kutu kweli, ila vilimharibia vifaa vya kupigia chapa. Vilivyofuata vikatoka vigumu na vyepesi kuvunjika. Safari ya tatu akamwita Brearley asimame kando ya moto. Brearley hakujua kufua kisu, lakini alijua joto la chuma chake. Stuart alijua kisu, lakini hakujua joto hilo. Elimu hizo mbili zilipokutana mbele ya tanuri moja, visu vikatoka vizuri. Chuma kilikuwa kilekile kilichokataliwa. Kilichobadilika ni moto.

Mara vita vikaja. Chuma kile kikachukuliwa kwa ajili ya vali za injini za ndege na utengenezaji wa visu ukawekewa vizuizi. Brearley alikuwa amegombana na waajiri wake kuhusu haki za uvumbuzi, akaondoka mwaka 1915. Hataza aliyopewa Marekani mwaka 1916 ilieleza kifaa chenye kromiamu kati ya asilimia 9 na 16 na kaboni chini ya asilimia 0.7, kilichokazwa kwa moto na kung'arishwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini chake. Brearley hakudai mchanganyiko peke yake. Alijua kwamba mchanganyiko bila moto sahihi na bila mng'aro haukamilishi ahadi.

Baada ya vita, watengenezaji wengi waliingia katika biashara ya visu visivyoshika kutu, na si wote waliokuwa wamepita shule ya tanuri la Stuart. Visu laini vikaingia sokoni vikiwa na jina jipya la kupendeza, na wanunuzi wakajenga imani kwamba kisu kisichoshika kutu ni kibutu kwa asili yake. Imani hiyo bado ina wafuasi leo. Ilizaliwa na kazi mbovu, ikabebeshwa chuma.

Kosa moja, hasara mbili

Ni vizuri kueleza kinachotokea ndani ya chuma, kwa sababu hapo ndipo tunapoona kwamba ukali na kinga dhidi ya kutu si mambo mawili yaliyotengana.

Kromiamu hukilinda chuma kwa kushikana na oksijeni ya hewa na kutengeneza utando mwembamba mno usioonekana kwa jicho. Ukiukwaruza, unajitengeneza tena. Ili utando huo uwe kamili, karibu asilimia 10.5 au zaidi ya kromiamu inapaswa kuwa imeyeyuka na kusambaa ndani ya chuma. Lakini kromiamu inaipenda kaboni. Chuma kinapopoa polepole kiwandani, vitu hivyo viwili huungana na kufanya chembe ngumu, na vyote viwili hufungwa humo. Kaboni iliyofungwa haiwezi kukipa chuma ugumu. Kromiamu iliyofungwa haiwezi kukilinda.

Moto mkali hufungua chembe hizo. Karibu na nyuzi 1,000, nyingi huyeyuka na kuachia kaboni na kromiamu zisambae. Ukipoza chuma haraka, havipati nafasi ya kurudiana, na maumbile ya ndani yanageuka kuwa yale magumu ambayo wataalamu waliyapa jina kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens. Kisha bapa hupashwa mara ya pili kwa moto mdogo ili lipunguze ukakamavu wa kuvunjika.

Kwa hiyo bapa lililokazwa kwa joto dogo hupata hasara mbili kwa pamoja: linakuwa laini, na linashika kutu upesi. Mnunuzi anayeona kisu chake kipya kimepata vidoadoa vya kutu na kimepoteza makali ndani ya wiki chache husema ameuziwa chuma cha bandia. Huenda ni kweli. Lakini pia huenda chuma ni halisi kabisa, na aliyekosea ni aliyekaa kwenye tanuri.

Jina halikati

Chukua chuma kinachojulikana kama D2. Kina kromiamu karibu asilimia 12, kiasi kinachokaribiana na cha Brearley mwaka 1913. Hata hivyo D2 inashika kutu ukiisahau majini, kwa sababu ina kaboni karibu asilimia 1.5, na kaboni hiyo yote inakamata sehemu kubwa ya kromiamu. Mnunuzi anayesoma jedwali la viambato na kuona 12 karibu na 12 atadhani visu hivyo viwili vitatenda sawa. Havitatenda sawa.

Mfano wa upande wa pili ulikuja mwaka 2021. Mtaalamu wa metali wa Marekani, Larrin Thomas, alibuni chuma kinachoitwa MagnaCut, kilichotolewa na kampuni ya Crucible. Kina kromiamu asilimia 10.7 tu. Ukikilinganisha kwenye karatasi na S30V, chuma maarufu cha kampuni hiyohiyo kilichotoka mwaka 2001 kikiwa na asilimia 14, utasema kipya kitashika kutu mapema zaidi. Majaribio ya maji ya chumvi yalionyesha kinyume chake. Thomas alipanga mchanganyiko ili kaboni ikamatwe na metali nyingine, vanadi na niobi, na kromiamu ibaki huru kufanya kazi yake ya ulinzi. Hesabu ya jumla ilipungua, hesabu inayofanya kazi ikapanda.

Mfano wa tatu unahusu chuma cha bei nafuu. Kampuni ya Buck ya Marekani imetumia kwa miaka mingi chuma kiitwacho 420HC, ndugu wa karibu wa chuma cha Brearley, chenye kaboni iliyoongezwa hadi karibu asilimia 0.45. Kwenye orodha za wapenzi wa visu, 420HC hukaa chini. Lakini Buck ilifuata utaratibu wa ukazaji wa bingwa Paul Bos, ikafikisha ugumu wa karibu 58 kwa kipimo cha Rockwell, na visu hivyo vimewatumikia wawindaji vizuri. Wanawake wawili wakipewa unga wa gunia moja, mmoja atasonga ugali ulioiva na mwingine atatoa mabonge. Mwenye njaa hatauliza gunia lilitoka wapi.

Kipimo hicho cha Rockwell hakikuwepo mikononi mwa mafundi wa Sheffield waliotoa hukumu. Hugh na Stanley Rockwell wa Connecticut waliomba hataza yake mwaka 1914 na kuipata mwaka 1919. Kwa visu, ncha ya almasi hukandamizwa juu ya bapa kwa uzito maalumu, na kina cha shimo dogo linalobaki hutoa namba. Mafundi wa mwaka 1914 walibishana kwa maneno. Mtengenezaji wa leo hana udhuru huo.

Mahali kisu kinapoharibikia

Kisu cha kwanza cha mfano, kile kinachopigwa picha na kupewa wajaribu, hutengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Anayekishughulikia ni fundi bora, na tanuri lina mabapa machache. Uzalishaji wa wingi ni jambo jingine.

Kwanza ni tanuri lililojaa. Mabapa mamia yakipangwa pamoja, ya pembeni hupata joto mapema na ya katikati huchelewa. Muda ukihesabiwa kwa kutazama joto la hewa ya tanuri, bila kupima joto la mabapa yenyewe, ya katikati hutoka mabichi. Wanunuzi wawili wa kisu kilekile wataapa vitu vinavyopingana, na wote watakuwa wanasema kweli.

Pili ni kuchelewa kupoza. Chuma cha kukaza kina muda wake wa kushuka kutoka joto la juu. Muda huo ukizidi, kaboni na kromiamu huanza kurudiana.

Tatu ni kunoa kwa mashine. Makali ni membamba kuliko kucha, na mkanda wa kusagia unaokwenda kasi bila maji unaweza kuyaunguza kwa sekunde moja. Mwili wa bapa unabaki mgumu na kipimo cha Rockwell kinatoa namba nzuri, lakini pale kisu kinapogusa nyama pamelainika. Wanoaji wenye uzoefu wanajua kwamba kisu cha namna hiyo huanza kushika makali baada ya kunolewa mara kadhaa kwenye jiwe, pale sehemu iliyoungua inapokwisha.

Nne ni kubadilisha chuma kimyakimya. Muuzaji wa chuma anakwama, ratiba inabana, na kinachopatikana kinawekwa mahali pa kilichoahidiwa. Kifaa cha mkononi cha eksirei kitaonyesha kromiamu na vanadi, lakini hakisomi kaboni, kwa hiyo ushahidi kamili hutaka maabara.

Tano ni umbo. Hata chuma bora kilichokazwa vizuri hakikati kikiachwa kinene nyuma ya makali. Kampuni inayoogopa kurudishiwa visu vilivyomeguka huacha bapa nene, kisha mnunuzi analaumu chuma.

Springi za Kamukunji

Somo hili haliishii ng'ambo. Katika karakana za jua kali za Kamukunji, Nairobi, na kwa wahunzi wengi wa Afrika Mashariki, malighafi ya visu na mapanga ni springi za magari yaliyochakaa. Hakuna cheti kinachokuja na springi. Hata hivyo chuma cha springi za kawaida kina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, na kinatoa bapa gumu lisilovunjika ovyo likipashwa hadi karibu nyuzi 850, likazamishwa mafutani, kisha likapashwa tena kwa moto mdogo.

Mhunzi mzoefu hupata habari zake kwa njia nyingine. Hukigusisha chuma kwenye jiwe la mashine na kutazama cheche: chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka matawi mengi, na nondo laini hutoa mistari mirefu yenye matawi machache. Huo ni uchunguzi halali wa malighafi. Kisu kibovu cha jua kali mara nyingi kimetoka kwenye springi nzuri iliyofuliwa vizuri, kisha ikaharakishwa mwishoni, ikazamishwa kwa rangi isiyo yake au ikaachwa bila moto wa pili. Visu hivyo havishindwi na vya viwandani kwa asili. Vinashindwa pale haraka inaposhinda ufundi.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini ukali wa dukani haumhakikishii mtu mlo wa mwezi ujao. Karibu kila kisu kipya kinakata karatasi. Kabla hujatoa pesa kwa kisu kinachotangazwa, uliza yafuatayo.

Uliza jina kamili la chuma. Maandishi yanayosema tu kwamba kisu hakishiki kutu, au kwamba chuma ni cha vifaa vya upasuaji, hayakuambii mchanganyiko wala ugumu. Namba 18/10 ni ya kromiamu na nikeli, na inafaa kwa vijiko na uma. Chuma hicho hakikazwi kwa moto, hivyo ukiona namba hiyo imepigwa kwenye bapa la kisu, shuku.

Uliza ugumu, na uombe masafa, kwa mfano 56 hadi 58. Visu vingi vya jikoni vya Kijerumani hukaa karibu na hapo, na vya Kijapani vya chuma cha VG-10 hufika 60 au zaidi. Kampuni isiyotaja namba yoyote ama haipimi au haipendi ilichokipima.

Uliza nani aliyekaza mabapa na yanakaguliwaje: ni bapa moja tu la kwanza, au yanachukuliwa machache kutoka kila tanuri? Uliza pia ahadi ya kurudisha kisu makali yakijikunja au kumeguka kwa kazi ya kawaida.

Kisu kikishafika mkononi, kijaribu wewe mwenyewe. Kandamiza makali taratibu juu ya fimbo nyembamba ya shaba. Makali mema hupinda kidogo na kurudi. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakimeguka, ni makavu mno. Weka kipande cha ndimu juu ya bapa usiku kucha. Kikiacha alama nyepesi, usihofu, lakini vishimo vya kutu ni onyo. Kisha kitumie, kinoe kwa jiwe mara mbili tatu ili uondoe makali ya mashine, ndipo utoe hukumu.

Mafundi wa Sheffield walikuwa na haki ya kutilia shaka kisu kipya. Walikosa pale walipoacha kuuliza baada ya jibu la kwanza. Stuart naye alikuwa na shaka, lakini alirudi motoni mara ya tatu na kumwita mwenye elimu aliyoikosa.

Kwa watengenezaji, ombi langu ni moja: chapisheni ugumu wa visu vyenu, pimeni kila tanuri, na jaribuni makali yaleyale anayopewa mnunuzi, si makali ya kisu cha maonyesho. Kwa wanunuzi: msikisifu kisu kwa jina la chuma chake, na msikilaani kwa jina hilo. Daini namba, daini majaribio, na anayeshindwa kuyatoa msimpe pesa zenu.